Nani Anamkumbusha Nani? Fanani na Hadhira katika Makumbusho ya Migori na Homa Bay

1. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kuifunga kazi yetu ndani ya majalada ya vitabu. Hata pale ambapo fasihi simulizi imepewa nafasi, aghalabu imesomwa baada ya kunakiliwa na kuchapishwa, yaani baada ya sauti kugeuzwa herufi. Makala haya yananuia kuutoa uhakiki nje ya majalada hayo na kuuelekeza kwenye matini ya namna nyingine: makumbusho na mahali pa ukumbusho katika kaunti za Migori na Homa Bay, kando ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya. Huenda msomaji akauliza mhakiki wa fasihi ana haki gani ya kuingia katika uwanja wa waakiolojia na wahifadhi. Jibu letu ni kwamba makumbusho husimulia. Huteua tukio moja na kuliacha jingine, hupanga mwanzo na mwisho, na huamua nafsi ipi iseme na ipi isemwe. Chochote kinachofanya hayo hakina budi kuhakikiwa.

Hoja tunayoitetea ni moja. Mabadiliko ya dhima ya makumbusho katika jamii hayapimwi kwa ukubwa wa jengo, wala kwa idadi ya wageni, wala kwa cheo ambacho mahali pamepewa na shirika la kimataifa. Hupimwa kwa swali ambalo mwanafunzi wa fasihi simulizi huulizwa katika juma lake la kwanza darasani: fanani ni nani, na hadhira yake ni ipi?

2. Neno na nyumba yake

Tuanze na neno lenyewe. Jina ambalo lugha nyingi za Ulaya huliita jumba hili lina asili ya Kiyunani, nalo lilimaanisha maskani ya Mizungu-wa-sanaa, wale miungu wa kike tisa walioaminiwa kuwa walezi wa ushairi, historia na sanaa nyinginezo. Katika hekaya za Wayunani mama yao aliitwa Mnemosyne, yaani Kumbukumbu. Kiswahili hakikuchukua jina la mabinti. Kimekwenda moja kwa moja kwa mama. Makumbusho hutokana na kitenzi kumbuka, kikiwa katika kauli ya kutendesha: kumbusha. Kauli hiyo ina masharti yake. Mtu anaweza kukumbuka akiwa peke yake, lakini hawezi kukumbusha peke yake. Lazima awepo anayekumbusha, awepo anayekumbushwa, na liwepo jambo. Mzee alimkumbusha kijana ahadi. Kiondoe kimoja kati ya vitatu hivyo na sentensi itabaki na pengo.

Historia ya makumbusho nchini Kenya inaweza kuelezwa kama historia ya pengo hilo. Makumbusho ya kwanza ya Nairobi yalianzishwa mwaka 1910 na chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe, ambao wengi wao walikuwa walowezi na maofisa wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1930 likafunguliwa jengo lililopewa jina la Coryndon, aliyekuwa gavana wa koloni. Mwafrika aliingia katika jengo hilo hasa kama jambo, kwa nadra kama anayekumbushwa, na takriban kamwe kama anayekumbusha. Baada ya Uhuru jina lilibadilishwa na makumbusho yakawa ya taifa. Hata hivyo, kubadilisha jina la nyumba si kubadilisha msimulizi.

Ulimwenguni kote fikra hizo zimekuwa zikisahihishwa kwa hatua. Mkutano wa Santiago, Chile, wa mwaka 1972 ulitaka makumbusho yaitumikie jamii inayoyazunguka badala ya kukusanya vitu tu. Miaka 50 baadaye, mnamo Agosti 2022, Baraza la Kimataifa la Makumbusho lilikutana Prague na kupitisha fasili mpya inayotaja ushiriki wa jamii na kuwa wazi kwa watu wote. Kwa upande wetu, wahakiki wa Afrika Mashariki walikuwa na mjadala wa jinsi hii mapema zaidi. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipotaka Idara ya Kiingereza katika chuo cha Nairobi ivunjwe, walipendekeza fasihi simulizi iwe miongoni mwa nguzo za masomo. Idara za fasihi zilisikia, ingawa kwa shingo upande. Makumbusho yalichelewa, na pengine ndiyo sababu inafaa sasa mhakiki wa fasihi ayatembelee.

3. Thimlich Ohinga: jina na ukuta

Katika kaunti ya Migori, yapata kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori, kuna maboma ya mawe yaitwayo Thimlich Ohinga. Kuta zake zina kimo cha kati ya mita 1.5 na mita 4.5, na unene wa kati ya mita 1 na mita 3. Hazina udongo wala saruji. Waashi walipanga mawe ya umbo lolote yakashikana yenyewe, safu ya nje na safu ya ndani, na kati yake wakajaza mawe madogo. Wataalamu wanakadiria kwamba maboma hayo yalijengwa katika karne ya 16. Maeneo ya aina hiyo yaliyotambuliwa katika ukanda huo ni zaidi ya 100, lakini Thimlich ndiyo iliyohifadhika vizuri zaidi, na mwaka 2018 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Maelezo yanayoambatana na orodha hiyo ni utanzu wenye kaida zake. Hadhira yake ni kamati ya wataalamu wanaolinganisha mahali hapa na pengine duniani. Nafsi yake ya kusimulia imefichwa nyuma ya kauli ya kutendwa: maboma yalijengwa, yalikaliwa, yalihamwa. Hatudai kwamba maelezo hayo ni ya uongo. Tunachosema ni kwamba yameandikiwa hadhira ya mbali, na kwamba hadhira ikiwa ya mbali hadithi hupoteza ncha zake.

Ncha hizo zimo katika majina. Kwa Dholuo, thim ni msitu au nyika, na lich ni cha kutisha; ohinga ni boma la mawe. Jina hili ni kisa kifupi. Mtu fulani alisimama nje ya msitu huo mzito, akautazama, akaogopa. Jina basi limetungwa kutoka nje, ilhali ukuta umejengwa kutoka ndani na watu waliowaogopa wanyama na maadui wa nje. Mahali pamoja pana woga wa aina mbili unaotazamana. Hilo ni jambo ambalo mwanafunzi wa fasihi angeliita mgongano wa mitazamo, na limehifadhiwa katika silabi chache.

Maboma makubwa manne ya eneo hilo nayo yana majina: Kochieng', Kakuku, Koketch na Koluoch. Kiambishi ka- katika Dholuo hufanya kazi inayokaribiana na kwa- ya mahali katika Kiswahili: kwa Ochieng', kwa Kuku, kwa Oketch, kwa Oluoch. Ni majina ya miji ya watu, siyo ya magofu. Aliyeyatamka kwanza hakuwa akitazama mabaki ya kale. Alikuwa akielekeza mgeni nyumbani kwa mtu. Lakini majina hayo hayo yanatupa tahadhari. Utafiti umeonyesha kwamba makundi mbalimbali, ya Kibantu na ya Kiniloti, yalipokezana makao hapo katika vipindi tofauti. Jina humkumbuka aliyekaa, si lazima aliyejenga. Kwa hiyo ukuta una msimulizi mmoja na jina lina mwingine, na mgeni anayesikia mmoja tu hutoka na nusu ya habari.

4. Rusinga: fuvu na risasi

Kutoka Migori tuelekee kaskazini hadi Homa Bay, katika kisiwa cha Rusinga. Hapo pana kumbukumbu mbili zinazotofautiana kwa kila hali, na tofauti hizo zina mafunzo.

Ya kwanza ni kumbukumbu ambayo kitu chake hakipo. Mwezi Oktoba 1948 Mary Leakey alipata Rusinga fuvu la nyani wa kale aitwaye Proconsul, aliyeishi miaka ipatayo milioni 18 iliyopita. Fuvu lilisafirishwa Uingereza likakaa huko kwa miaka mingi kabla ya kurudishwa Kenya, na lilipodurudishwa lilifikia Nairobi. Katika sentensi inayorudiwa vitabuni, fuvu "liligunduliwa Rusinga", kisiwa kimekuwa kielezi cha mahali tu. Watu wake hawamo katika sentensi, wala wale Wakenya walioshika sururu na ungo, kama Heselon Mukiri, aliyewafanyia kazi akina Leakey kwa miaka mingi na ambaye jina lake hulijui usipolitafuta. Desturi hii haijapita. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kwamba zana za mawe zilizopatikana Nyayanga, katika rasi ya Homa, zina umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, miongoni mwa zana kongwe kabisa zinazojulikana. Habari hiyo ilisomwa duniani kote. Mtoto wa Homa Bay anayetaka kuiona asili hiyo kwa macho yake mwenyewe hana budi kukata tikiti ya basi la Nairobi.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Fuvu la miaka milioni 18 lahitaji chumba salama, mtaalamu na ulinzi, na Nairobi inavyo. Lakini kukosekana kwa kitu si lazima kuwe kukosekana kwa usimulizi. Hekaya nyingi husimuliwa bila kitu chochote mkononi mwa fanani.

Kumbukumbu ya pili ni kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa kwa risasi jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa waziri na akiwa na umri wa miaka 38. Jengo lililowekwa juu ya kaburi hilo lina umbo la risasi. Ndani mna picha na vitu vya marehemu vinavyoeleza maisha yake. Mhakiki ataona hapa mvutano wa wazi baina ya fani na maudhui. Maudhui ya ndani yanasema: hivi ndivyo alivyoishi. Fani ya nje inasema: hivi ndivyo alivyokufa. Mtu mmoja, Nahashon Njenga Njoroge, alihukumiwa kifo kwa mauaji hayo, lakini swali la nani aliyemtuma halikupata kujibiwa hadharani likaridhisha watu. Katika miaka ambayo swali hilo halikuweza kuulizwa kwa maneno, umbo la jengo lilikuwa likiliuliza. Linganisha na sanamu iliyosimamishwa mwaka 2011 jijini Nairobi, karibu na mahali alipopigwa risasi. Sanamu inamwonyesha Mboya mzima. Nairobi ilikubali kumkumbuka kiongozi. Rusinga ilikataa kuisahau risasi. Fanani wawili, hadhira mbili, mtu mmoja.

5. Mfangano na Gwassi: jamii kama fanani

Magharibi ya Rusinga kuna kisiwa cha Mfangano, yalipo Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba. Jina hilo halisomeki vyema bila kukumbuka kazi ya Sultan Somjee, aliyekuwa mtaalamu wa ethnografia katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Katika miaka ya 1990, nchi ilipokuwa ikitokwa na damu kwa mapigano ya kikabila, Somjee alishirikiana na jamii mbalimbali kukusanya mila na vifaa vya upatanisho, na kutokana na juhudi hizo yakazuka makumbusho madogo ya amani vijijini. Kitu kilichowekwa humo hakikuwekwa kwa sababu ni cha kale, bali kwa sababu kiliwahi kutumiwa kuwapatanisha watu na kingeweza kutumiwa tena.

Mfangano pana pia michoro ya miambani ya Kwitone na Mawanga, yenye duara na mizunguko ya rangi nyekundu na nyeupe, ambayo huhusishwa na wawindaji wa kale wa jamii ya Watwa. Wasuba waliofika baadaye hawakuichora, lakini waliipa nafasi katika imani zao. Basi hata hapa jamii inatunza matini ambayo haikuitunga, kama vile fanani anavyopokea hadithi asiyoijua asili yake na kuiongezea pumzi yake.

Kwa mwalimu wa Kiswahili, hata hivyo, maonyesho makubwa kuliko yote ya Mfangano ni kile kiambishi aba- katika jina Abasuba. Kisuba ni lugha ya Kibantu, jamaa ya Kiswahili, na wengi wa Wasuba sasa huzungumza Dholuo kama lugha yao ya kwanza. Aba- yao ni wa- yetu. Ubao wenye neno hilo, katika eneo ambalo mazungumzo yote sokoni ni ya Dholuo, wenyewe ni kielelezo cha makumbusho: unamkumbusha mjukuu kwamba nyanya yake aliwahesabu watu kwa ngeli nyingine.

Lakini jamii za ziwa hazikungoja makumbusho yajengwe ndipo zikumbushane. Miongoni mwa Wajaluo kulikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi mzee ambamo watoto walilala, wakasikiliza hadithi na kufunzwa maisha. Aidha, kulikuwa na mahali palipotunzwa kwa hadithi. Katika ufuo wa Gwassi husimuliwa habari za Nyamgondho, mvuvi maskini ambaye wavu wake ulimnasa bibi mzee badala ya samaki. Alipomchukua nyumbani akatajirika kwa ng'ombe. Alipolewa na kumtukana, bibi akarudi ziwani na ng'ombe wote wakamfuata, naye Nyamgondho akasimama akitazama mpaka akageuka mti. Anayesimulia huonyesha alama zilizoko mwambani na kusema ni nyayo za ng'ombe wale. Hapo vipo vyote vitatu vinavyodaiwa na kitenzi chetu: anayekumbusha, anayekumbushwa na jambo. Kipo hata kielelezo, nacho hakijang'olewa mahali pake. Ushiriki wa jamii unaotajwa na fasili ya Prague ulikuwa ukitendeka ufuoni bila jina la kitaalamu.

6. Pingamizi mbili

Kuna wenzetu watakaopinga kwamba kumrudisha fanani ni kuirudisha chuku. Mzee wa ukoo huu atasema babu yake ndiye aliyejenga ukuta. Wa ukoo ule atasema la, ni wangu. Akiolojia ilikuja ili kutuokoa na ubishi huo. Pingamizi hili ni zito, na hatuwezi kulijibu kwa kumsifu mzee. Hadithi ya Nyamgondho yenyewe ina upande wake: inasimuliwa kama onyo kwa mlevi, lakini bibi aliyeleta mali hata jina hapewi. Fanani naye huteua, na anayeteua huweza kudhulumu.

Jibu letu ni kwamba dawa ya fanani mmoja siyo kukosa fanani. Ni kuwa na fanani zaidi ya mmoja, wote wakitajwa majina. Msomi wa fasihi simulizi hachapishi hadithi bila kusema nani aliisimulia, wapi na lini, na akipata masimulizi mawili yanayopingana huyaweka yote mawili. Maelezo ya makumbusho yakifuata kanuni hiyo ndogo, mwakiolojia atakuwa mmoja wa mafanani, mwenye ushahidi wake na jina lake, na mgeni atapima mwenyewe.

Pingamizi la pili linatuhusu sisi wenyewe. Ni rahisi kwa mhadhiri wa Kiswahili kupendekeza kwamba maelezo yaandikwe kwa Kiswahili, kisha akarudi ofisini akiwa ameridhika. Katika Migori na Homa Bay Kiswahili si lugha ya siwindhe. Kilifika pamoja na shule, soko, kituo cha polisi na ofisi ya chifu. Ni lugha inayowaunganisha Mjaluo, Mkuria na Msuba katika mji wa Migori, na faida hiyo si ndogo. Lakini ikichukua nafasi ya Dholuo, Kikuria na Kisuba katika makumbusho, itakuwa imefanya kwa sauti ya upole lile ambalo Kiingereza kilifanya kwa sauti ya amri. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na papo hapo inaidai dola ikuze lugha za kienyeji. Kazi ya Kiswahili hapa ni ya mkalimani anayesimama kando ya fanani, si mbele yake.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba katika kaunti hizi mbili kuna namna mbalimbali za kukumbusha: ukuta wenye cheo cha dunia lakini wenye msimulizi aliyefichika, fuvu lililohama, kaburi linalosema kwa umbo lake, makumbusho ya kijiji yaliyokusudia amani, na mwamba wenye nyayo ambao haukuhitaji jengo.

Suala hili si la nadharia peke yake. Jedwali la Nne la Katiba limezipa serikali za kaunti jukumu la makumbusho, huku kumbukumbu za kale zenye umuhimu wa kitaifa zikibaki mikononi mwa serikali kuu. Maana yake ni kwamba kaunti zina mamlaka ya kujenga. Hatari iliyopo ni kujenga majumba madogo ya Coryndon yenye bendera mpya: vitu kabatini, kauli ya kutendwa ukutani, na bibi anayejua kisa akiuza samaki nje ya lango. Kabla ya bajeti ya saruji ingefaa iwepo bajeti ya usimulizi, ili wanaojua walipwe kwa kusimulia kama vile mchora ramani anavyolipwa kwa kuchora.

Kwa wanafunzi wetu wa uzamili kuna kazi inayosubiri. Majina ya maboma ya Thimlich, masimulizi ya Gwassi na mabaki ya Kisuba huko Mfangano bado yanahitaji kurekodiwa kutoka kwa wasimulizi wengi, yakiandikwa kwa lugha zao kwanza na kwa Kiswahili baadaye, kila moja likiwa na jina la aliyelisema. Wazee wanaoyajua hayo hawapungui kwa kasi ya mawe kumomonyoka. Wanapungua kwa kasi ya mazishi ya kila Jumamosi. Tukitaka kauli ya kutendesha ibaki na mtenda wake, mwanafunzi atakayekwenda Gwassi mwakani asiende na dodoso peke yake. Aende pia na muda wa kukaa na kusikiliza.